Mche Mchanga Wataka Mwanga Kuliko Maji

Tarehe 1 Desemba ya kila mwaka, katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, nyavu hutundikwa. Kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa Februari Serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Mjini Nchelenge, na katika soko la Kashikishi lililo jirani yake, perege ambao wenyeji huwaita pale, pamoja na dagaa wa ziwa hilo waitwao chisense, ndio kitoweo cha kila siku, na ndiyo fedha ya sabuni, mafuta na madaftari ya watoto. Basi miezi hiyo mitatu ni miezi ya kupima akili ya mwenye nyumba. Ugali wa muhogo upo. Shida ni cha kulia.

Wahenga walisema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini upwa ukifungwa kwa amri halali, mgaagaa hana budi kutafuta mahali pengine pa kugaagaa, na mahali palipo karibu kuliko pote ni bustani ya mboga. Hapo ndipo tatizo la pili linapojitokeza. Miezi hiyo ya kufungwa kwa ziwa ndiyo pia miezi ya mvua nyingi. Mbegu ndogo ya nyanya au ya kabichi ikisiwa kwenye tuta la wazi, mvua moja ya alasiri yatosha kuifukua na kuipeleka mtaroni. Ile inayosalimika huota katika udongo uliojaa maji, ikaanguka kabla haijatoa jani la tatu.

Kwa sababu hiyo, kitalu cha miche kinafaa kuingia ndani ya nyumba: dirishani, barazani, chini ya upenu. Kazi hiyo haihitaji eneo kubwa wala fedha nyingi. Inahitaji uangalifu, na zaidi ya yote inahitaji mlezi ajifunze kuuzuia mkono wake. Maana anayelea miche kwa mara ya kwanza mara chache huiua kwa kuisahau. Huiua kwa kuimwagia maji asubuhi, mchana na jioni, huku ameiweka gizani.

NYUMBA ZA WAGENI, BUSTANI ZA KWANZA

Ziwa Mweru lina urefu wa kilomita 130 hivi, na ukubwa wake wapita kilomita za mraba 5,000. Mto Luapula huingia kutoka kusini, mto Kalungwishi huingia kutoka mashariki, na maji yote hutoka kaskazini kwa mto Luvua, penye mji wa Pweto. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Lugha kuu ya upande wa Zambia ni Kibemba, lakini Kiswahili si kigeni huko. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika kwa Mwata Kazembe katika karne ya 19, na hadi leo Kiswahili cha Katanga husikika kila panapouzwa samaki.

Tangu Agosti 2017 sauti za Kiswahili zimeongezeka. Maelfu ya watu walivuka mpaka wakikimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika huko Kongo. Walipokewa kwanza katika kituo cha Kenani, na mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge. Makazi hayo yalipangwa tangu mwanzo kuwa mahali pa kilimo, ili familia zijitegemee kwa chakula na ziishi pamoja na wenyeji.

Familia iliyofika mahali pagenini, ikapewa chumba kimoja au viwili na kiwanja ambacho bado haikijui udongo wake, haina tofauti kubwa na familia ya askari katika kota za kambi au za kituo cha polisi. Nayo pia imetoka mbali. Nayo haijui itakaa miaka mingapi. Sanduku la miche huzifaa nyumba za namna hiyo, kwa kuwa hubebwa kwa mikono miwili na halihitaji hati ya shamba. Mataifa yetu nayo yameitambua siku nyingi kazi ya jembe mkononi mwa askari: Tanzania iliunda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na Zambia ina jeshi lake la huduma ya taifa lenye mashamba yake. Lakini mboga ya jioni hutoka katika bustani ya nyumbani, na bustani hiyo huanza na mche mmoja usiozidi urefu wa kidole.

KUHESABU SIKU KWA KURUDI NYUMA

Kosa la kwanza ni kusia mbegu siku mtu anapokumbuka. Inafaa mlezi aanze kwa kuuliza: mboga hii natakaje kuila, na lini? Kisha ahesabu kwa kurudi nyuma.

Sukuma wiki na kabichi za majani hukaa kitaluni wiki 4 hivi, na baada ya kuhamishwa huanza kuchumwa baada ya wiki 6 hadi 8. Nyumba inayotaka majani mabichi wakati ziwa limefungwa haina budi kusia mwanzoni mwa Oktoba. Mwanzoni mwa Novemba miche huhamishiwa katika magunia au ndoo zilizotoboka, zikawekwa karibu na upenu ili mvua kubwa isizipige moja kwa moja. Kabla ya mwisho wa Desemba sufuria imepata kitu, na katapa, yaani kisamvu, na kalembula, yaani majani ya viazi vitamu, hupata mwenzao.

Nyanya na vitunguu vina hesabu nyingine. Nyanya haipendi mvua nyingi, kwani majani yanayokaa na unyevu siku nzima hushikwa na ukungu na kuungua kana kwamba yamepitiwa na moto. Kwa hiyo nyanya husiwa ndani ya nyumba mnamo Februari, wakati nje bado kunanyesha, na huhamishwa wiki 4 hadi 6 baadaye, mvua zinapoanza kupungua. Kitunguu ni mzee wa mwendo wa pole: hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, mpaka shina lake linenepe kama kalamu ya risasi. Bilinganya, pilipili hoho na nyanya chungu, ambazo huko huitwa impwa, hufuata mwendo wa nyanya, ila pilipili huchelewa kuota.

Kwa hesabu hiyo mkulima wa Mweru huitumia miezi ya nyavu kupumzika kulea miche, na ziwa linapofunguliwa Machi, bustani inakuwa tayari kupokea miche yake.

SANDUKU, UDONGO NA MBEGU

Chombo chochote chenye kina cha sentimita 8 hadi 10 chafaa: sanduku la mbao, kopo la maziwa, chupa ya plastiki iliyokatwa, debe la mafuta lililopasuliwa kwa ubavu. Sharti ni moja tu, kwamba kitobolewe chini. Chombo kisicho na tundu ni kisima, na mizizi iliyozama majini hukosa hewa ikaoza. Hata gazeti, likishasomwa na kila mtu wa nyumbani, laweza kuzungushwa kwenye chupa na kukunjwa kitako likawa kikopo cha mche mmoja. Siku ya kuhamisha, kikopo hicho huzikwa pamoja na mche wake, na mizizi hailiguswi.

Udongo wa kitalu uwe mwepesi. Mchanganyiko mzuri ni sehemu 2 za udongo wa juu wenye rutuba, sehemu 1 ya mchanga, na sehemu 1 ya mboji au samadi iliyooza kabisa hata haina harufu. Wakazi wa Nchelenge wana bahati: maji ya Mweru ni matamu, hivyo mchanga wa ufukweni hauna chumvi. Familia zilizo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa zisichukue mchanga wa baharini, kwani chumvi yake huua mbegu. Wachukue wa mtoni. Samadi mbichi isiingizwe nyumbani hata kidogo. Huunguza mizizi, huleta nzi, na katika majira ya mvua, ambapo magonjwa ya tumbo huwa karibu, haifai kukaa jirani na jiko.

Wadudu na ukungu wauao miche hukaa udongoni. Dawa ya kienyeji isiyohitaji duka ni moto. Udongo ulioloweshwa kidogo hutiwa debeni, hufunikwa, na huwekwa juu ya moto wa wastani. Katikati yake hufukiwa kiazi kidogo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Huepuliwa, ukaachwa upoe siku moja au mbili kabla ya kusia. Usichomwe mpaka ukawa majivu, maana rutuba nayo itakwisha.

Mbegu zijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Mbegu 10 hufungwa katika kitambaa chenye unyevu, zikawekwa mahali penye joto. Zikiota 8 au 9, ni njema. Zikiota 4, zisiwe mara mbili ya idadi iliyokusudiwa. Zisipoota, mlezi amepoteza wiki moja tu, wala hakupoteza msimu.

Mbegu za nyanya na kabichi husiwa katika vifereji vyenye kina kisichozidi sentimita 1, mstari na mstari ukiachana sentimita 5. Hapa pia tamaa huharibu kazi. Miche 40 ya nyanya, ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, hutaka meta za mraba 12, na matunda yake ni mengi kwa nyumba moja. Basi mbegu 60 zatosha. Anayemwaga pakiti nzima katika sanduku moja hupata msitu wa miche myembamba inayogombea mwanga, na mwishowe hapati hata 20.

MWANGA: SIKU YA KWANZA NDIYO KUBWA

Mbegu nyingi za mboga haziulizi mwanga wakati wa kuota. Zinataka joto na unyevu. Sanduku laweza kufunikwa kwa gazeti na kukaa karibu na jiko. Kabichi huchomoza kwa siku 4 hadi 8, nyanya kwa siku 5 hadi 10, kitunguu na pilipili huchukua hata wiki mbili. Lakini lazima lifunuliwe kila asubuhi na kila jioni, maana kijani cha kwanza kikionekana, sanduku linatakiwa lihamie mwangani siku hiyo hiyo, hata kama nusu ya mbegu bado zimelala.

Ni kwa nini haraka hiyo? Mche uliochomoza gizani hudhani bado uko chini ya ardhi. Hutumia akiba yote ya mbegu kurefusha shina likitafuta jua. Kwa siku mbili tu huwa mrefu, mweupe na dhaifu kama uzi, na haurudi tena kuwa mfupi na mnene. Samaki mkunje angali mbichi, na mche nao ni vivyo hivyo.

Jinsi mche unavyolitafuta jua ni jambo lililowashughulisha wataalamu wakubwa. Mwaka 1880 Mwingereza Charles Darwin, akisaidiwa na mwanawe Francis, alitoa kitabu kilichoeleza majaribio yao juu ya mijongeo ya mimea. Walitwaa machipukizi ya nyasi, wakaifunika ncha ya baadhi yake. Yale yaliyoachwa wazi yaliinama kuelekea mwanga. Yale yaliyofunikwa ncha yalisimama wima kama yasiyoona. Ikajulikana kwamba ncha ndiyo ionayo, ndiyo ipelekayo habari chini kwenye shina. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba habari hiyo huchukuliwa na kitu halisi kishukacho kutoka nchani, ambacho leo huitwa oksini. Hukusanyika upande wenye kivuli, upande huo ukakua upesi kuliko mwingine, na mche ukainama.

Faida ya elimu hiyo nyumbani ni hii: mche ukiinama upande mmoja, umeshasema haja yake. Sanduku ligeuzwe nusu mzunguko kila siku, na ukutani nyuma yake litegemezwe bati safi au karatasi nyeupe ili mwanga urudi. Hatua moja tu kutoka dirishani mwanga hupungua sana, ingawa jicho la mtu halitambui kwa kuwa hujirekebisha lenyewe. Chumba kinachotosha kusomea gazeti chaweza kuwa giza kwa nyanya.

Dirisha nalo lichaguliwe. Nchelenge iko kusini mwa Ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi 9. Kuanzia Mei hadi Agosti jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kaskazini hupata jua na la kusini hukaa kivulini. Desemba na Januari jua huwa juu mno, kidogo kusini mwa utosi, na upenu huzuia karibu yote. Dirisha la mashariki ndilo rafiki wa mwaka mzima, kwa kuwa hupokea jua la asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika. Bora zaidi ni baraza. Sanduku hutolewa nje alfajiri, hupata jua saa tatu au nne, na hurudishwa kabla mvua ya alasiri haijafika. Kazi hiyo yaweza kukabidhiwa mtoto wa shule, naye akaifanya kwa fahari.

MAJI: KIDOLE NDICHO KIPIMO

Mche mdogo una mizizi michache na majani mawili. Kinywaji chake ni kidogo. Kabla ya kumwagilia, mlezi atie kidole udongoni mpaka kwenye ukucha. Kikitoka na chembe za udongo zilizoshikamana, maji yapo, aondoke. Kikitoka kikavu, ndipo amwagilie. Njia nyingine ni kuliinua kopo. Baada ya siku chache mkono huujua uzito wa kopo lenye maji na wa kopo lililokauka.

Wakati wa kumwagilia ni asubuhi, ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Maji yasimwagwe kwa kikombe, maana hulaza miche na kufukua mizizi. Kifuniko cha chupa kilichotobolewa kwa msumari hutoa manyunyu mazuri. Bora kuliko yote ni kunywesha kwa chini: kopo lililotobolewa husimamishwa katika sinia lenye maji kwa nusu saa, udongo ukavuta wenyewe, kisha kopo likatolewa.

Yale maji yaliyobaki siniani yamwagwe saa ile ile. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zinazoteswa zaidi na malaria, na yai la mbu hugeuka kuwa mbu arukaye kwa muda wa wiki moja au mbili tu. Hakuna mwenye akili atakayefuga mbu chini ya dirisha la chumba cha watoto kwa ajili ya nyanya. Na chandarua cha kulalia kibaki kitandani. Kukitwaa kukifunika kitalu ni kuokoa mche na kumwacha mtoto wazi. Majani makavu au kipande cha gunia chafanya kazi hiyo.

KINYAUSI, ADUI WA ALFAJIRI

Adui mkuu wa kitalu cha ndani huitwa kinyausi. Jioni miche imesimama. Alfajiri mitatu au minne imelala. Ukiitazama kwa karibu, shina lake limenywea pale linapogusana na udongo, jembamba na jeusi, kana kwamba limefungwa kwa uzi. Kesho yake iliyo pembeni huanguka nayo, na duara likazidi kupanuka.

Mlezi mgeni akiona mche umelala, hudhani una kiu, akaongeza maji. Kwa kufanya hivyo amemwongezea adui chakula. Kinyausi huletwa na vimelea vya jamii ya ukungu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hustawi penye udongo uliolowa, miche iliyosongamana na hewa isiyotembea. Mche wenye kiu na mche unaozama majini wote hulegea. Kinachowatenganisha ni kidole udongoni.

Mche ulioanguka kwa kinyausi hauponi. Ung'olewe pamoja na udongo unaouzunguka na kutupwa mbali. Iliyosalia inyimwe maji mpaka uso wa udongo ukauke, inyunyiziwe mchanga mkavu kuzunguka mashina, na ipelekwe mahali penye upepo mwanana. Mara nyingi nusu ya sanduku huokoka. Udongo huo usitumiwe tena kitaluni kabla ya kupikwa upya.

Kinga yake kubwa ni kupunguza miche. Inapokuwa na majani yake mawili ya kwanza, yale yaliyotoka na mbegu, na jani la kweli linaanza kuchungulia, ile dhaifu ikatwe kwa mkasi ili ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Isivutwe, maana huyumbisha mizizi ya jirani. Wengi huona uchungu kuukata mche uliokwisha kuota. Lakini asiyekata 20 leo atazika 60 kesho.

Chakula cha nyongeza kingoje majani ya kweli. Kabla ya hapo akiba ya mbegu na mboji vyatosha. Baadaye, mara moja kwa wiki, yafaa maji ya samadi iliyooza, yaliyochujwa na kuzimuliwa mpaka yawe na rangi ya chai hafifu. Mbolea ya dukani iliyobaki kutoka shamba la mahindi isitiwe. Kijiko kimoja cha yurea chaweza kuunguza sanduku zima kwa usiku mmoja.

MAFUNZO KABLA YA KWENDA NJE

Askari wanajua kwamba kuruta hapelekwi mpakani siku anapovaa sare. Mche nao hautolewi dirishani ukapandwa juani siku hiyo hiyo. Majani yaliyolelewa ndani ni laini. Jua la adhuhuri huyababua yakawa meupe kama karatasi, na upepo wa ziwani huvunja shina lisilowahi kutikiswa.

Mafunzo hayo huchukua siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza miche hukaa nje saa moja, kivulini. Kila siku huongezewa saa moja au mbili, na jua la asubuhi likaingia kidogo kidogo, mpaka siku za mwisho ilale nje. Maji nayo hupunguzwa, lakini yasikatwe. Hata ikiwa bado ndani, kuipapasa kwa kiganja mara chache kila siku huinenepesha mashina, kwa sababu mmea unaoguswa huzuia urefu na kuongeza nguvu.

Mche wa nyanya huwa tayari ukiwa na majani ya kweli 4 hadi 6 na urefu wa sentimita 15 hivi. Uhamishwe jioni au siku ya mawingu, baada ya kunyweshwa saa moja au mbili kabla. Ushikwe kwa jani, usishikwe kwa shina: jani likivunjika mmea hutoa jingine, bali shina ni moja tu. Nyanya yaweza kuzikwa mpaka karibu na majani ya chini, maana shina lake hutoa mizizi. Kabichi na sukuma wiki zisizikwe moyo. Kila shina livikwe pete ya karatasi yenye kimo cha sentimita 5, nusu yake ikiwa chini ya udongo, ili sota asilikate usiku. Kisha kivuli cha majani ya mgomba au nyasi kwa siku 3 au 4, na kazi ya kitalu imekwisha.

AMRI YA UHAMISHO

Familia za askari na polisi huuliza swali moja lenye haki: kuna faida gani kulea mche, ikiwa amri ya uhamisho haingoji nyanya kuiva? Swali hilo ndilo lililo midomoni mwa familia nyingi za Mantapala pia, ambazo macho yao hutazama ng'ambo ya ziwa.

Jibu liko katika hesabu ileile ya siku. Kutoka mbegu hadi jani la sukuma wiki sufuriani ni wiki 10 hadi 12, muda mfupi kuliko likizo nyingi za shule zikijumlishwa. Sanduku lenye miche hupakiwa garini pamoja na magodoro. Na bustani iliyoachwa na miche imesimama humkuta anayekuja, mgeni asiyejua soko liko wapi, akiwa na mboga mlangoni pake. Naye akijua adabu, ataacha hivyo hivyo.

Mwenye nyumba anayetaka kuanza hana haja ya kungoja zana. Makopo matatu yaliyotobolewa, udongo uliopikwa na kiazi chake, mbegu chache zilizojaribiwa kitambaani, na dirisha la mashariki vyatosha. Sanduku lihamie mwangani siku mche unapochomoza, kidole kitangulie maji, na mkasi usiogope. Kwa wakazi wa ukingo wa Mweru tarehe ya kuanza yajulikana: mwanzoni mwa Oktoba, miezi miwili kabla ya nyavu kutundikwa.